Ndama wa Mara Kumi na Mbili

Saa nne na dakika kumi asubuhi ya Jumanne, kompyuta ya dukani iliwaka. Feni yake ilikwaruza kwanza, kisha ikatulia, na kioo kikaleta ile picha ya maporomoko ya maji ambayo mzee Mudathiri hakuwahi kuibadilisha tangu alipoinunua mashine hiyo, mtumba, kutoka Mwanza. Zamda, binti yake, alikuwa amesimama mbele yake, mikono ameifunga kifuani. Hakugusa kitu.

Duka lilikuwa Somanda, Bariadi mjini, na liliuza spea za baiskeli na za plau: minyororo, spoki, pedeli, ncha za majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Harufu yake haikuwa imebadilika. Mpira mpya wa matairi, grisi, na chini yake, kwa mbali, chai ya rangi iliyomwagika sakafuni miaka mingi na kukaukia pale pale. Mudathiri alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma. Sasa duka lilikuwa mikononi mwa Hanif, mdogo wake Zamda, ambaye alikuwa amekwisha kuamua kwamba baiskeli zimepitwa na wakati na rafu zote zitakuwa za spea za bodaboda.

Zamda alikuwa mpima ardhi. Aliishi Binza, kule Maswa, na kazi ilikuwa imemfundisha kutoamini kipimo kilichochukuliwa mara moja. Alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa sababu ya simu moja ya Hanif. Mzee Joakim Bujiku wa Nyakabindi, Hanif alisema, ametuma salamu: Alhamisi anamrudisha ng'ombe.

Ng'ombe huyo alikuwa wa Mudathiri. Alimnunua mnadani akiwa mtamba, na kwa kuwa mtu wa mjini hana zizi, alimpeleka kwa rafiki yake Joakim kwa utaratibu ambao Wasukuma huuita kubilisa. Ng'ombe anabaki kuwa wa mwenyewe. Maziwa na samadi ni vya anayemtunza. Wakizaliwa ndama, watu wanakaa wanazungumza. Ng'ombe wa namna hiyo harudishwi hivi hivi. Akirudishwa bila kuombwa, maana yake wahusika wamemalizana.

Hanif aliona ni habari njema. Alikuwa na mnunuzi tayari, mwenye bucha karibu na stendi. Zamda aliliona jambo hilo kwa namna nyingine, ingawa hakulisema. Nguo za baba zilikuwa zimegawiwa, baiskeli yake imeuzwa, miwani yake iko kabatini. Kitu pekee cha baba kilichokuwa bado kinapumua, kinakula majani na kuota jua, kilikuwa katika zizi la Joakim, na sasa kilikuwa kinarudi kwenda buchani. Kama kulikuwa na njia ya kumfanya Joakim aendelee kumtunza, Zamda alitaka kuijua kabla ya Alhamisi. Na njia hiyo, kama ilikuwapo, ilikuwa ndani ya kompyuta.

Alivuta kiti, akafuta vumbi kwa kiganja, akakaa. Ukutani, juu kidogo ya kioo, palikuwa na msumari mmoja usioning'inizwa kitu. Ulikuwa msumari wa kofia ya Joakim.

Mchezo ulikuja pamoja na mashine. Aliyeiuza alisahau kuufuta, au hakujua kwamba umo. Ulikuwa mchezo wa karata, poka ya kwenye kioo: unagawiwa karata tano, unashika unazozitaka, unatupa nyingine, unaletewa mpya mahali pake, na kama umepata kitu, jozi ya majeki kwenda juu, unalipwa pointi. Pointi tupu. Hapakuwa na mtandao, wala hapakuwa na hela, na Mudathiri alikuwa mkali juu ya hilo kuliko imamu. Hata shilingi ya kununulia karanga haikuwahi kupita kati yake na Joakim kwa sababu ya mchezo ule. Mtu aliyesimama mlangoni akauliza wanacheza shilingi ngapi alijibiwa kwamba hapa ni dukani, anataka spoki za saizi gani.

Zamda alipokuwa sekondari, kila Jumatatu ya mnada aliporudi shule aliwakuta. Joakim alikuwa mkulima wa pamba, mrefu, mkubwa kwa Mudathiri kwa miaka sita. Akishauza au kununua alichokijia, aliegesha baiskeli yake mlangoni, akatundika kofia msumarini, akatoa mfukoni matobolwa yaliyofungwa kwenye kitambaa. Vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa vilikuwa vigumu kama soli, na Mudathiri, ambaye babu yake alitoka Ujiji, alilalamika kila wiki kwamba Wasukuma wanataka kummaliza meno ili wamuuzie na meno. Kisha alikula zaidi ya mwenyewe. Wakati wa msimu Joakim alikuja na nyuzi za pamba kwenye mashati, na Zamda alipofagia jioni alizikuta chini ya kiti, nyeupe, nyepesi, zikikimbia ufagio.

Walicheza kwa zamu: mkono mmoja, yaani mgao mmoja wa karata, wewe, unainuka, mkono mmoja mwenzako, anainuka. Kiti kilikuwa kimoja. Wateja walizoea kuwaona wazee wawili wakipishana kama wanaoswali nusu nusu. Wala hawakushindana. Pointi zote ziliingia chungu kimoja, na walikuwa wameweka nia ya kukifikisha laki moja kabla mmoja wao hajaota mvi kichwa kizima. Wote wawili walikwisha kuota mvi na chungu hakijajaa.

Jambo lililowashika katika mchezo ule lilikuwa kizidishi. Ukishinda mkono, juu ya kioo huandikwa namba: mara mbili, mara tatu, mara nne, kulingana na ulichopata. Mwanzoni walidhani namba hiyo inazidisha pointi walizokwisha kulipwa, na wakalaumu mashine kwamba haijui kuzidisha. Ilichukua majuma kadhaa, na Zamda alikuwapo, kutambua kwamba kizidishi hakifanyi kazi kwenye mkono uliokizaa. Kinasubiri mkono unaofuata. Ukishinda na huo, pointi zako zinazidishwa. Ukikosa, kizidishi kinakufa pamoja na mkono wako.

Kwa watu wanaocheza kwa zamu, maana yake ilikuwa moja. Ushindi wako ni faida ya mwenzako.

Joakim ndiye aliyelipa jambo hilo jina. Alisema hii ni kubilisa tu. Mkono ni ng'ombe, huyo ni wangu. Alichozaa kinakwenda kukulia kwako. Tangu siku hiyo kizidishi kikawa ndama. Karata tatu za aina moja na mbili za aina nyingine kwa pamoja, mkono mkubwa, waliuita kaya nzima, na kaya nzima ilizaa ndama wa mara kumi na mbili. Katika miaka yote waliyocheza, Zamda hakukumbuka kuona kaya nzima zaidi ya mara chache. Alikumbuka sauti yake, hata hivyo: baba yake akipiga kofi moja kaunta, pedeli zikitikisika ndani ya boksi, na Joakim, ambaye ndiye angefaidi, akishukuru polepole kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, kana kwamba amepewa mnyama kweli.

"Siku ile waliyokosana wewe ulikuwapo," Zamda alimwambia Hanif. "Niambie ulichokiona. Si ulichodhani."

Hanif alikuwa anahesabu mabomba ya pampu. Alisema ameshamwambia kwenye simu. Zamda akamwambia aseme tena.

Aliyoyaona yalikuwa haya. Ilikuwa mwaka jana, kabla ya mvua za kwanza. Baba alipata kaya nzima: wafalme watatu na nane mbili. Kumi na mbili ikatokea juu. Akapiga kofi kaunta, akainuka. Joakim akakaa. Wao siku zote walicheza kwa dau la pointi kumi, lakini safari hii Joakim, kabla ya kugawa, alibonyeza kitufe cha kupunguza dau mpaka likawa tano. Ile kumi na mbili ikatoweka.

"Ilitoweka au ilibadilika?"

"Ilitoweka. Pakawa patupu. Mzee Joakim akaondoa mkono kama ameshika pasi ya moto."

Baba aliuliza amefanya nini. Joakim akaeleza kwamba aliogopa kumwaga pointi kumi za chungu chao kwa pupa. Alitaka kuweka kidogo kwanza. Ndivyo alivyolima pamba maisha yake yote. Mvua ya kwanza hupandi shamba zima, unapanda kipande, unaangalia mvua ina nia gani. Hakuwaza kwamba ndama anaweza kukasirika. Baba hakucheka. Alisema, na Hanif aliyakumbuka maneno kwa sababu hakuwahi kumsikia akimsemesha Joakim hivyo:

"Umemchinja ndama wangu."

Na Joakim akajibu:

"Wako? Kwa sheria yetu alikuwa wangu."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake ndio ulioharibu. Baba akanyoosha mkono akazima umeme ukutani, kompyuta ikazimika na kila kitu kikiwa wazi. Joakim akachukua kofia. Hakurudi. Wakati wa mazishi alikuja, akasimama upande wa barabarani na baiskeli yake, akaondoka kabla ya ubani.

"Na baba hakuufungua tena?"

"Mara moja. Aliufungua, akautazama, akaufunga. Nikamwambia cheza, akasema si zamu yake."

Zamda alilitafuta faili la mchezo na kuangalia tarehe ya mwisho lilipobadilishwa. Ilikuwa ya mwaka jana, mwezi wa kumi, Jumatatu. Hanif alikuwa amesema kweli. Mchezo ulikuwa vile ulivyoachwa, dau tano, zamu ya Joakim, juu patupu. Hakubonyeza kitu. Alinakili folda nzima kwenye flashi, akaihamishia kwenye laptopu yake, na ndani ya laptopu akaanza mchezo mpya kabisa, usio wa mtu.

Alifanya kazi kwenye kaunta mchana wote, kati ya boksi la minyororo na mzani mdogo wa kupimia gololi. Wateja walidhani ni afisa wa kodi na wakanunua kwa upole.

Kwanza alitaka kujua dau kumi linanunua nini. Alicheza kwa tano, jozi ya mabibi ikamlipa tano. Alicheza kwa kumi, jozi ya majeki ikamlipa tano vile vile. Alirudia mpaka akaridhika. Zile pointi tano za pili hazikuongeza malipo hata kidogo; kazi yake ilikuwa moja, kuzalisha kizidishi. Kwa dau la tano, ushinde usishinde, ndama hazaliwi. Nusu ya kila walichoweka wazee wale kwa miaka yote ilikuwa ya kucheza, na nusu nyingine ilikuwa malisho. Mtu mwenye kupenda faida ya haraka angecheza kwa tano. Hawakuwahi.

Pili, alitaka kuhakikisha kwamba ndama hufa kwa kukosa. Hufa. Mkono mmoja mtupu, namba inarudi moja.

Swali la tatu ndilo lililomleta Bariadi. Alisubiri mpaka akapata tatu za aina moja, ndama wa nne akatokea juu. Akapunguza dau kuwa tano. Nne ikatoweka, kama Hanif alivyosema. Akakaa akiitazama nafasi ile tupu kwa muda. Mtu yeyote angesema imekwisha. Baba yake, mtu wa kaunta, aliyejua kwamba kitu kisichoonekana rafuni kimeuzwa, hangesema lingine.

Alicheza mkono mmoja kwa dau la tano. Alikosa. Akacheza wa pili, akakosa. Kisha akarudisha dau kuwa kumi.

Nne ikarudi.

Zamda alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaanza upya tangu mwanzo, kwa ndama wa mbili, akamficha, akacheza mikono mitano ya dau dogo, akapandisha. Mbili ikarudi. Akafanya tena akizima laptopu katikati kwa kuchomoa betri. Ikarudi. Kizidishi hakikuwa cha mchezaji, wala hakikuwa cha mkono uliofuata wa aina yoyote. Kilikuwa cha dau la kumi. Kilipoondokewa na dau lake kilijificha, kikangoja lirudi, na kingengoja hata miaka.

Hatua ya mwisho aliifanya jioni, Hanif akifunga madirisha. Alifungua ile nakala ya mchezo wa wazee, si wenyewe, nakala, na akapandisha dau.

Hanif alikuja akasimama nyuma yake. Juu ya kioo palikuwa na kumi na mbili.

"Kwa hiyo," Hanif alisema, akaenda kumalizia madirisha. Baadaye, akiwa mlangoni na makufuli, aliuliza kama baba angebonyeza kitufe kile kimoja siku ile aliyoufungua angeiona. Zamda alimjibu kwamba ndiyo.

Jumatano asubuhi alipiga simu Nyakabindi. Aliyepokea alikuwa Felisita, mkwe wa Joakim, aliyesema mzee yuko zizini anamwosha ng'ombe wa watu kwa sababu hataki wamwone mchafu mjini. Simu ikapelekwa zizini. Zamda alisikia kwato, maji, kisha pumzi ya mzee.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Hujambo? Za Maswa?"

Walisalimiana kwa urefu unaostahili: mvua, majani, wajukuu, kazi. Hakuna aliyemtaja Mudathiri. Kisha Joakim akasema yeye mwenyewe kwamba kesho atafika mapema, kabla ya jua kali. Alisema hana kinyongo na marehemu. Lakini mtu aliyeambiwa amechinja ndama wa mwenzake hawezi kuendelea kukaa na ng'ombe wa huyo huyo mwenzake. Watu wa Nyakabindi wangemwelewa, alisema, na hata wasingemwelewa, yeye mwenyewe asingelala.

"Ndama hakufa, baba," Zamda alisema.

Upande wa pili maji yaliendelea kumwagika kwenye ndoo.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimepima."

"Mara moja?"

"Nne."

Mzee alifunga bomba. Sauti ya maji ikakatika.

"Kesho nakuja," alisema. "Ng'ombe nakuja naye. Nilishasema nakuja naye."

Alhamisi saa tatu kasoro walifika, wametembea tangu alfajiri. Ng'ombe alikuwa mwekundu, mnene kuliko Zamda alivyomkumbuka, na nyuma yake alifuata mtamba wake, mwekundu vile vile, mwenye baka jeupe shingoni. Joakim alikuwa amekonda. Alifunga kamba kwenye nguzo ya kibaraza, akaiangalia ile mizigo mipya ya Hanif iliyokuwa imefungwa kwa nailoni, mabomba ya moshi na vioo vya bodaboda, akaingia. Kofia alibaki nayo mkononi.

Mwenye bucha alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amekaa juu ya boksi nje, akimtazama ng'ombe mapaja.

Hanif alimsalimu mzee kwa kuinama na kumpa chai. Zamda aliwasha ile kompyuta ya zamani na kufungua mchezo wenyewe, usiokuwa nakala. Dau tano. Juu patupu. Kila kitu kilikuwa kama kilivyokuwa Jumatatu ile. Kisha akainuka kitini.

"Zamu yako, baba. Pandisha dau."

Joakim alikaa. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa kipanya, na siku zote alikisogeza kama anayeogopa kukiponda. Alibonyeza mara moja, sita. Akabonyeza tena, saba. Nane. Tisa. Akasita hapo, akamtazama Zamda, Zamda hakumsaidia. Akabonyeza, kumi, na juu ya kioo namba ikarudi.

Kumi na mbili.

Mzee aliinua mkono akagusa kioo, pale penye namba, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeangalia kama rangi imekauka. Alama ya kidole ilibaki kwenye vumbi.

"Siku zote hizo alikuwa humu?"

"Siku zote."

"Na Mudathiri hakujua."

"Hakujua. Hata wewe hukujua. Alikuwa amefichwa na dau dogo, basi."

Joakim alitikisa kichwa polepole. Alisema kwamba yeye na yule mfupi, Mudathiri, walikuwa wapumbavu wawili, mmoja hakupandisha na mwingine alizima umeme. Alisema jambo hilo bila uchungu, kama mtu anayetaja urefu wa shamba. Kisha akauliza kama inafaa acheze. Zamda akajibu kwamba ndama ni wake, kwa sheria yao.

Aligawa. Zilikuja kopa nne: mbili, tano, saba na tisa, pamoja na mfalme mmoja wa shupaza. Hanif alisogea karibu. Hata mwenye bucha aliingia, kikombe mkononi, akauliza ni nini, akaambiwa anyamaze. Kopa moja zaidi ingelipa pointi thelathini, na thelathini mara kumi na mbili ni mia tatu na sitini. Zamda alikuwa amekwisha kupiga hesabu: zilibaki kopa tisa katika karata arobaini na saba, nafasi iliyo chini ya moja kwa tano. Hakuisema.

Joakim alishika kopa zote nne, akamtupa mfalme, akabonyeza.

Ilikuja pau, nne ya pau.

Juu ya kioo kumi na mbili ikawa moja. Pointi zilizoongezeka zilikuwa sifuri. Sifuri mara kumi na mbili. Hanif alivuta pumzi. Joakim alikaa akiitazama ile nne ya pau, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Zamda alipoinama kumwangalia aliona anacheka, kile kicheko chake cha zamani kisichotoa sauti, kilichomfanya baba yake kila mara amuulize kama anakabwa na matobolwa.

"Sasa kafa," Joakim alisema. "Kafa mkononi mwa mwenyewe."

Akafuta macho kwa ukingo wa kofia. Kisha, kwa mazoea ya miaka, aliinuka kitini kumpisha mwenzake.

Kiti kilikaa kitupu. Mzee alikitazama na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana hajui pa kuweka mikono. Zamda alikuwa karibu zaidi na alianza kusogea, lakini Hanif alipita mbele yake, akavuta kiti, akakaa.

"Nabonyeza wapi?" aliuliza.

"Baba yako alikaa hapa miaka yote hujui pa kubonyeza?"

"Nilikuwa nauza spoki, baba mkubwa. Ninyi mlikuwa mnacheza."

Joakim akaegemea bega lake na kumwelekeza. Dau asiguse, liko kumi. Gawa. Hanif alipata nne mbili, bibi, sita na kumi. Alitaka kumshika bibi kwa sababu ana sura nzuri, na mzee akamwambia kwa mwendo huo hata duka litamshinda, ashike jozi. Akazishika zile nne mbili. Zilizokuja zilikuwa tisa, tisa na ree. Jozi mbili. Pointi kumi ziliingia kwenye chungu, na juu ya kioo ikaandikwa tatu.

Hanif aliweka mkono kwenye kipanya. Joakim alimshika kifundo cha mkono.

"Usiguse," alisema. "Huyo wangu."

Hanif aliondoa mkono. Alikaa kidogo, kisha akainuka akatoka nje na mwenye bucha, na kupitia mlango Zamda alimwona akizungumza naye. Mazungumzo hayakuwa marefu. Mwenye bucha alinyoosha mikono mara mbili kumwonyesha ng'ombe, Hanif akatikisa kichwa mara mbili, na mtu yule akaweka kikombe juu ya boksi na kwenda zake kuelekea stendi.

Joakim alimaliza chai. Aliuliza kama siku ya mnada bado ni Jumatatu, ingawa alijua, na Zamda akajibu kwamba bado. Akauliza tena kama umeme ukikatika ndama atakuwapo. Zamda akamweleza kwamba hilo nalo amelipima, atakuwapo. Mzee akaitikia, akatoka kibarazani, akavaa kofia.

Alifungua kamba kwenye nguzo. Ng'ombe mwekundu aligeuka wa kwanza bila kuongozwa, mtamba akamfuata. Saa tano kasoro walipita mbele ya duka la mwisho la Somanda na kushika barabara ya Nyakabindi, mzee katikati, kamba imelegea mkononi.